Tazameni ncha ya boriti

Maneno haya, juu ya unyevu na joto katika kuta za nyumba zetu za kale, niliyasema mbele ya wenye nyumba na mafundi wa Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya alasiri. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na masuali machache ya waliokuwepo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheha wetu, masheikh zangu, mama zangu, na nyinyi mafundi mliojibanza nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, nashukuru mmekuja.

Nianze kwa kukiri kosa. Ukuta ulioharibika katika nyumba yetu ya Kiponda niliuharibu mimi. Sikushika mwiko, maana wakati huo nilikuwa Leeds, Uingereza, nikifanya kazi za ujenzi. Lakini pesa zilitoka kwangu na amri ilitoka kwangu. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinipigia simu akasema lipu ya chumba chake inabanduka upande wa uchochoroni, na usiku fukuto halimpi usingizi. Nikamwambia, "Mama, usihangaike. Piga saruji nje, tia kiyoyozi ndani, na ukuta upakwe rangi ya mafuta uwe unafutika." Akasita. Akasema baba yake kila masika yakimalizika alikuwa akipaka chokaa, na basi. Nikamcheka. Nishakuwa mtu wa Ulaya, bibi wa Kiponda atanambia nini?

Baada ya miaka sita sakafu ya juu ikaanza kulegea. Fundi akapanda ngazi, akachomeka bisibisi kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Anasema ilikuwa kama kuchoma boflo lililochovywa kwenye chai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili nilikuwa nimeshaliona. Kule Leeds kuna mitaa mizima ya nyumba za tofali za kuchoma, zimeshikana bega kwa bega, zina umri wa zaidi ya miaka mia. Ukuta wake ni mmoja mzima, unene kiasi cha sentimita 22. Nyumba zilizojengwa baadaye kule huwa na kuta mbili zenye nafasi katikati, na nafasi ile unaweza kuijaza kitu cha kuzuia baridi. Ukuta mzima hauna pa kujaza. Moto mwingi unaoulipia usiku wa Januari unatoka nje kwa kupitia ukuta huo. Basi inabidi uuvishe koti la kitu hicho, kwa nje au kwa ndani.

Kwa nje ni bora, kwa sababu ukuta wenyewe unabaki ndani ya koti, una uvuguvugu na ni mkavu. Lakini sura ya nyumba inabadilika, na mitaa mingine ya kale imehifadhiwa, uso wake hauguswi. Kwa hiyo watu wengi huvisha kwa ndani. Hapo chumba kinapata joto, na ukuta unabaki umefungiwa nje kwenye baridi. Zamani moto wa chumbani ulikuwa ukiupasha kidogo, ukakauka baada ya kila mvua, sasa haukauki. Mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi za watu ukipenya nyuma ya koti unakutana na tofali baridi, unageuka maji. Na ncha za boriti za sakafu zimekaa ndani ya tofali hilo hilo, zinayanywa.

Kazi kama hiyo niliifanya kwa mikono yangu. Nilibandika polistirini, lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, nikafunika kwa jipsamu, nikapaka rangi, nikalipwa. Baada ya vipupwe vinne mwenye nyumba akaniita. Harufu ya kuvu ilinipokea mlangoni. Nilipoinua ubao wa sakafu nikaona boflo lile lile.

Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la hapa mjini, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki, sote tunapita vichochoroni tukitazama juu. Mimi leo sikuja kuuza kitu. Nawaomba tu, kabla hamjaufanya ukuta lolote, la joto au la baridi, muitazame ncha ya boriti.

Sasa tuujue ukuta wetu. Ni mawe ya matumbawe, mengi yamechimbwa nchi kavu, yamepangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene nusu mita na penginepo zaidi. Jiwe lenyewe limejaa vitundu. Maji yanaingia, hilo halina ubishi: kutoka juu bati linapovuja, kutoka pembeni mvua ya masika inapopiga, na kutoka chini, ambako ukuta unayavuta kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta. Wazee walilijua hilo wakajenga ukuta unaoyaachia. Chokaa ya nje inayapokea, jua likitoka inayarudisha hewani.

Na chokaa ina maajabu yake. Jiwe linachomwa tanurini kwenye moto wa kiasi cha digrii 900, linatoa hewa ya kaboni iliyokuwemo, linabaki jepesi lenye kiu. Ukilimwagia maji linafoka na kuchemka. Ndiyo kuizima chokaa. Ikishapigwa ukutani inaivuta tena hewa ile ile kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka inarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana haina haraka, na ndiyo maana mafundi vijana hawaipendi. Saruji asubuhi umepiga, jioni umelipwa.

Saruji si haramu, jamani. Jengo la tofali za saruji lipigwe saruji, mimi sina neno. Ukiipiga juu ya matumbawe, umelifunga dirisha la maji. Yanaendelea kuingia kutoka chini na kwenye nyufa ndogo ndogo, maana saruji ni ngumu na ukuta wa mawe unajinyoosha, hivyo nyufa hazikosekani. Kutoka ndiyo hayawezi. Yatapanda. Ukiona alama ya unyevu ilikuwa inafika kwenye goti na baada ya lipu mpya inafika kifuani, usimlaumu jini. Na maji ya kwetu yana chumvi. Yanapofika mahali pa kukaukia, chumvi inabaki, inakuwa mawe madogo yanayosukuma kutoka nyuma. Siku moja lipu inaanguka kipande kizima kama sinia, na imeng'oka na uso wa jiwe.

Nyumbani kwetu tulipoibandua saruji ile, upande wa nyuma ulikuwa unatoa jasho. Ilikuwa Septemba, mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa.

Hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni kiyoyozi, na hapa naomba mnisikilize kwa sababu ndipo sisi tunaotoka Ulaya tunapokuja na elimu ya kichwa chini.

Hewa yetu ya kaskazi, tuseme digrii 30 na unyevu asilimia 80, kila mita moja ya ujazo imebeba kiasi cha gramu 24 za maji. Hewa ya digrii 22, hata ikijaa mpaka shingoni, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 19 na ushei. Chumba cha mita nne kwa tatu, dari mita tatu, kina mita za ujazo 36. Hewa ya nje ikiingia ikapozwa mpaka digrii 22, inabidi iteme kama gramu 170, karibu bilauri moja ya maji. Nyingine inashuka na ule mpira wa kiyoyozi. Nyingine inatua popote penye baridi, kama jagi la maji ya ukwaju wakati wa kufuturu linavyoloa nje. Na kila mlango ukifunguliwa hesabu inaanza upya.

Kule Leeds mvuke unatoka chumbani kwenye joto kwenda nje kwenye baridi. Kwa hiyo wanafundishwa kuweka karatasi ya nailoni upande wa chumbani, nyuma ya jipsamu, iuzuie mvuke kabla haujaingia ukutani. Hapa kwetu, ukishawasha kiyoyozi, mambo yamegeuka: joto na mvuke viko nje, baridi iko ndani. Mvuke unapita katika mawe na chokaa kuelekea chumbani, na ukikutana na ile nailoni iliyopoa unasimama, unageuka maji, unatiririka. Karatasi iliyowekwa kuulinda ukuta ndiyo inayoulowesha. Nailoni si lazima iwe nailoni. Rangi ya mafuta ni nailoni. Karatasi za maua za plastiki zinazobandikwa vyumba vya wageni ni nailoni. Ukizibandua, nyuma yake unakuta ramani nyeusi za kuvu.

Mama yangu basi alikuwa na saruji nje, rangi ya mafuta ndani na kiyoyozi usiku kucha. Ukuta umezibwa mdomo na pua, na ncha ya boriti imo katikati.

Mtasema, umetuogopesha vya kutosha, na joto je? Joto lipo, nakubali. Lakini tuulize linaingilia wapi. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana linatupiga utosini, kwa hiyo mwenye kulipokea zaidi ni paa. Vichochoro vyetu vyembamba vinazipa kuta kivuli cha jirani karibu siku nzima. Ukuta unaoteseka ni ule wa mashariki au wa magharibi ulioachwa wazi, kwa mfano nyumba ya jirani yako ikianguka au ikivunjwa. Halafu nusu mita ya jiwe ni nzito. Jua la mchana linachukua saa nyingi kupenya, linafika ndani usiku umeshaingia, wakati ungefungua madirisha ukalifukuza. Tatizo letu usiku hatufungui tena. Sababu tunazijua: mbu, wezi, na sasa kiyoyozi.

Basi mwenye pesa za kuvisha, aanze na paa. Chini ya bati pana nafasi. Tandikeni juu ya dari kitu cha kuzuia joto, na acheni matundu ya hewa pembeni ili lile tanuri la bati lipumue. Nimeona nyumba mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, yenye viyoyozi vitatu na bati tupu juu ya dari ya mbao. Ni sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Na mkiwa huko juu, tengenezeni mlizamu, ule mfereji wa kushushia maji ya paa. Mvua ya Unguja kwa mwaka ni kiasi cha milimita 1,500. Bati la mita za mraba 80 linapokea lita 120,000. Hayo ni madumu 6,000 ya lita ishirini. Mlizamu uliotoboka unayamwaga mengi yake kwenye ukuta mmoja, pembe moja, juu ya ncha mbili tatu za boriti. Hakuna koti la kuufaa ukuta huo. Nimeshaitwa nyumba ambako mwenyewe alitaka ushauri wa lipu ya kisasa inayozuia unyevu, na dawa yake ilikuwa bomba la plastiki la mita nne.

Chini vilevile. Uchochoro umepandishwa kwa saruji mara ngapi tangu babu zetu? Nyumba nyingine sakafu ya ndani iko chini kuliko njia. Maji ya njiani yanaegemea ukuta. Chimbeni, mtoe mfereji, na shimo la choo kama linavuja lishughulikiwe kabla ya kitu kingine. Hapo sikai sana, harufu yenyewe inatosha kuwakumbusha.

Juu kumekauka, chini kumekauka, ndipo tuzungumze ukuta. Bandueni saruji, lakini kwa patasi na nyundo ndogo, siyo ile mashine inayotetemesha nyumba nzima. Chumvi inayotoka ifagiliwe ikiwa kavu. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani. Halafu subirini. Mafundi wa zamani kule Uingereza wana kipimo cha mkono: mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukuta wa nusu mita unaokauka pande zote mbili, kila upande nusu yake, unataka kama miezi kumi. Nikilisema hili huwa naona watu wanatazama saa zao.

Ndipo lipu ya chokaa, sehemu moja kwa mchanga mara tatu, mchanga usiwe wa ufukweni. Chokaa iwe imezimwa na kulazwa shimoni muda mrefu. Changa ina vijipu vitakavyopasuka ukutani mwezi ujao. Tabaka jembamba, sentimita moja, ukishikana ndipo la pili. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, jua lisiinyang'anye maji. Isipigwe masika. Juu yake niru, ile lipu laini ya chokaa ya kumalizia, na kila baada ya miaka michache chokaa nyeupe. Weupe ule si urembo tu. Unalirudisha jua lilikotoka, na haugharimu umeme.

Kama bado mnataka koti, kwa ukuta wa magharibi tuseme, livae nje na liwe la kitu kinachopitisha mvuke. Kule wanatumia mbao za nyuzi za miti zilizopigwa lipu ya chokaa juu. Wengine wanachanganya chokaa na vipande vya bua la mmea ambao, samahani sheha, ni wa ukoo wa bangi, ila wenyewe haulevyi. Msicheke, ni ukuta mzuri sana, mwepesi na mkavu. Sisi tuna makumbi. Nyuzi za makumbi zinazuia joto na zinapitisha hewa, na mtu mwenye subira angeweza kujaribu mbao zake kwenye ukuta wa uani usioonekana na mtu. Uso wa mbele ni suala jingine. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na tunayo Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985. Kubadilisha nje kunataka kibali. Najua mnavyolalamika juu ya vibali. Kwa hili niko upande wao, kwa sababu kile wanachokitaka, chokaa, ndicho ambacho ukuta unakitaka.

Bi mmoja aliyekaa mbele akauliza: "Mwanangu, kwa hiyo kiyoyozi tutoe?"

La, bibi. Kitiwe chumba kimoja cha kulala, kiwekwe digrii 26 badala ya 18, na pangaboi lisaidie. Kwenye digrii 26 hewa inatema maji machache mno kuliko kwenye 18. Milango ifungwe kweli. Ukuta wa chumba hicho usipakwe mafuta, upakwe chokaa. Kabati msilibandike ukutani. Liacheni nafasi ya kiganja, hewa ipite nyuma. Nguo nyeusi zinazoota ukungu kabatini zinawaambia kitu.

Fundi mmoja wa nyuma akasema chokaa nzuri haipatikani, kwa nini asitie saruji kidogo ndani ya chokaa, "ya kuishikisha tu."

Ndugu yangu, hiyo "ya kuishikisha" naijua, na mimi nimeitia. Saruji kidogo inaharakisha siku ya kwanza, halafu inaizuia chokaa isikamilike yenyewe; unapata kitu ambacho si chokaa wala si saruji. Chokaa nzuri inapatikana kwa anayeiagiza mapema na kuilaza mwenyewe. Shida ni kwamba mteja anakuita leo anataka kesho kutwa, na wewe una watoto. Mteja naye basi alipe siku za kusubiri. Wenye nyumba, hilo nimeliona halikuwapendeza.

Mwingine akauliza atajuaje unyevu unatoka nje au ni hewa ya ndani, kwa kuwa hana vyombo vya kupimia.

Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, kifunge ukutani pande zote nne kwa siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumba. Selotepu haishiki kwenye chokaa, nimeshahangaika nayo. Ziba kingo kwa udongo mlaini. Na boriti usisahau. Bisibisi, pale inapoingia ukutani, sukuma taratibu. Gumba lako litajua.

Nyumba yetu ya Kiponda nimeibandua saruji miezi saba sasa. Boriti tatu tumezikata ncha na kuzibadilisha, ya nne imepona, ilikuwa karibu na dirisha ambalo mama alikataa kulifunga. Juzi nimeweka nailoni chumbani kwake: nyuma bado kuna matone, machache, upande wa chini tu. Fundi anataka kupiga niru tumalize kabla ya Ramadhani. Nimemwambia asubiri.